Mistari Minane ya Papa Kahozi

Simu iliponiambia kwamba Mama Odila amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, hakikuwa sala. Kilikuwa tako la mume wake. Nilikuwa Nyemba, juu ya paa la kituo cha afya, nafunga sahani za sola, na nilishuka ngazi nikilia na kucheka kwa pamoja mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepigwa na umeme. Nikapanda pikipiki kurudi Kalemie, na barabara ile, yenye mashimo ambamo ng'ombe mzima anaweza kupotea na pembe zake, ilinipa nafasi ya kutosha ya kukumbuka. Habari za ukoo wangu, nani alinizaa na nani alininyima shule, tuziache; hazina ladha. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliopanga chumba cha nyuma kwenye lupango la Papa Kahozi, kiwanja chenye nyumba na uani mmoja, nikiwa na miaka ishirini na sita, mchana nachaji simu za watu kando ya soko, jioni nasoma umeme kwenye darasa la watu wazima, mwanamke peke yangu kati ya wanaume thelathini na moja. Mwaka ule ulinizeesha miaka kumi. Mvi hizi mnazoziona, nusu wamenitia watoto wangu, nusu limenitia lile tako.

Papa Kahozi alikuwa mtu wa reli. Siku moja, kabla sijamjua, behewa lilirudi nyuma wakati yeye akilifunga kwa jingine, na mgongo wake haukusahau tena. Nilipohamia pale alikuwa mtu wa mkekani. Mguu wa kushoto ulimuwaka kana kwamba umepakwa pilipili ndani ya mfupa, na kwenda chooni alishikwa mkono na mke wake. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko mguu wenyewe. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta, maana ukuta ule ulipitisha hata mawazo: “Mama Odila, mimi muntu wa kufunga treni nzima, leo unanifungulia mukaba wa suruali.” Naye akimjibu, “Nyamaza, kojoa.” Kisha binti yao Bibiane, aliyeolewa Ulaya, akafanya kila alichoweza akamchukua kwenda kupasuliwa huko, na nyumba ikakaa kimya miezi mitatu. Siku aliporudi watu walijaa uani, nadhani nusu ya Kalemie, na nusu nyingine ilikuwa juu ya ukuta wa jirani. Papa Kahozi alishuka kwenye gari kwa miguu yake, akatupita sote na mikono yetu iliyonyooshwa, akaenda moja kwa moja chooni, peke yake, akafunga mlango. Alipotoka tukampigia makofi. Mama Odila alikaa chini palepale kwenye mchanga na kikwembe chake kipya, kitenge cha sherehe, akafunika uso.

Sasa nieleze mashine aliyorudi nayo mwilini, na nitaeleza polepole kwa sababu mwaka ule niliieleza mara elfu nne na hakuna aliyenisikiliza. Juu kidogo ya tako la kulia, chini ya ngozi, madaktari walimzikia kisanduku bapa, ukubwa wa sabuni iliyotumika nusu. Kutoka hapo waya mwembamba ulipanda mpaka kwenye uti wa mgongo, ukapeleka umeme mdogo mdogo wa kuyachanganya maumivu yasifike kichwani. Yeye alisema anasikia kama siafu wanatembea mguuni, akawapenda siafu hao kuliko mbuzi wake. Kisanduku kina betri, na betri inataka kula. Lakini hakuna waya unaotoka nje, maana tundu kwenye ngozi ni mlango wa usaha. Unachukua kisahani chenye waya uliozungushwa ndani, unakifunga juu ya ngozi kwa mkanda, nacho kinapitisha umeme katikati ya nyama bila kugusana na kitu. Tena hakilishi tu, kinaongea. Kinauliza kisanduku: umeshiba kiasi gani, unanisikia? Jibu linatokea kwenye telekomande, rimoti ndogo, mistari kama ile ya rezo, mtandao wa simu, mmoja mpaka minane. Minane maana yake wanasikilizana kama wachumba. Mmoja maana yake ni watu walioachana wanaopigiana kelele ng'ambo ya ziwa.

Bibiane alinipigia mimi, kwa sababu nilikuwa mtu pekee kwenye lupango lile aliyejua kutofautisha chanya na hasi. “Zawadi, dada yangu, chaji kila Juma Mosi. Betri ikikauka kabisa, inalala. Ikilala mara moja, dokta atakuongoza kwa simu, mutaiamusha. Ikilala mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu haiamuki tena. Ni kumupasua upya huku, na safari ya pili sijui nitaipata wapi.” Nikaapa kwa jina la mama yangu. Wiki tatu hazikuisha, ikalala mara ya kwanza. Unajua kwa nini? Mama Odila alikiona kile kisahani ni kitu kizuri mno cha kuachwa mezani, wezi wangekitamani. Akakifunga ndani ya vikwembe vitatu, akakitia chini ya sanduku la nguo za harusi, akafunga kufuli, na ufunguo akampa mama mkubwa wake aliyekuwa akienda Moba. Wakati huo umeme wa mji ulikuwa umekatika siku kumi na mbili, kwa hiyo kila mtu alitulia: hakuna kuran, umeme wa ukutani, basi hakuna cha kuchaji. Mimi nilikuwa na betri ya gari na sahani ya sola kwenye kibanda changu! Nilikuwa nachaji simu za watu nisiowajua! Tulivunja kufuli kwa nyundo. Dokta aliongea kwenye simu, mimi nikabonyeza, nusu siku nzima, mpaka kisanduku kikaamka na siafu wakaanza kutembea. Papa Kahozi alisema tu, “Karibuni tena nyumbani.” Alikuwa anaongea nao.

Tangu hapo Juma Mosi mchana ikawa ibada. Papa alilala kifudifudi kwenye mkeka wa saloni, yaani sebule, suruali imeteremshwa kwa heshima, kitambaa cha meza cha kufuma juu yake, kisahani kimefungwa, na mimi kwenye kiti na telekomande kama padri na kitabu. Mngedhani watu watampa mtu faragha. Si Kalemie. Mgeni akija kusalimia anakaribishwa, ndiyo adabu, na akikaribishwa anakaa, na akikaa anatoa maoni. Papa Mulongo, fundi cherehani wa jirani, hakukosa Juma Mosi hata moja. “Leo rezo iko?” angeuliza mlangoni. “Mistari saba, Papa.” “Mimi simu yangu iko na mbili tu. Kahozi, nikupigie wapi, kwa sikio ao kwa matako?” Na Papa Kahozi, uso kwenye mto: “Piga kwa matako, Mulongo, njo yanasikia mambo yako ya bure.” Vicheko mpaka kisahani kinateleza. Ninakirudisha. Wanacheka tena, kinateleza tena. Nilikuwa nafundishwa jioni kwamba umeme ni jambo la nidhamu, na mchana nakaa na watu hawa.

Lakini sijaeleza chakula, na chakula ndicho kisa chenyewe. Papa Kahozi alirudi kutoka Ulaya amekonda. Hospitali ilimlisha supu za maji, alivyosema, na viazi vilivyopondwa kwa hasira. Na kwetu mume mwembamba ni tangazo lililobandikwa mlangoni: mke wa nyumba hii hapiki. Siku moja bombani nilisikia wanawake wawili nyuma ya ndoo zao. “Ulimuona Papa Kahozi? Ulaya imemurudisha fito.” “Ulaya gani? Muangalie bibi yake vile anapendeza, yeye njo anakula yote.” Mama Odila alikuwa amesimama mbele yangu kwenye foleni. Hakugeuka. Alijaza ndoo yake, akaitwika, akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo akatangaza vita. Asubuhi mandazi na chai ya maziwa. Saa nne mkate na siagi ya karanga. Mchana bukari, ugali kama mlima, na mikebuka miwili ya kukaangwa, samaki wa ziwa letu, na sombe, kisamvu kinachoogelea kwenye mawese. Alasiri ndizi. Jioni bukari tena, na maharage, na ndagala, dagaa wetu, kwa ajili ya “kusafisha kinywa”. Papa akikataa, Mama Odila alimtazama tu, naye akala. Ndani ya miezi mitano mtu yule alinenepa hata kiti chake cha mbao kilianza kuomba msamaha. Watu wakasema, “Sasa njo Papa!” Mama Odila alianza kutembea polepole akipita bombani.

Na mistari ikaanza kushuka. Minane, kisha sita. Kisha minne. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu. Kisahani kilipata joto, na kikipata joto kinajizima chenyewe na kupiga kelele kama kifaranga. Nililaumu kila kitu chini ya mbingu. Nililaumu umeme wa mji, nikaleta sola. Nikalaumu sola, nikaazima grupe, jenereta ya kanisa. Nikalaumu spika za baa iliyo karibu, nikaenda kugombana na mwenye baa. Nikafungua plagi zote za nyumba ile na kuzifunga. Papa Mulongo akatoa ushauri wake: uani kulikuwa na mahali pamoja, karibu na tanuru ya kuokea mikate, ambapo simu zote zilipata rezo nzuri. “Muntu huwa anafuata rezo, rezo haifuate muntu.” Nikasema, Papa, hii si rezo ya simu, haitoki kwenye mnara. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kifaransa. Nilirudi kutoka sokoni Juma Mosi iliyofuata nikamkuta mwenye nyumba wangu amelala uani karibu na tanuru, kitambaa cha meza kinapepea, wanaume wanne wanamsogeza na mkeka wake kidogo kushoto, kidogo kulia, na Mulongo na telekomande juu ya kichwa akiitafutia mbingu. “Miwili!” alipiga kelele. “Ilikuwa miwili ndani pia,” nikasema. “Lakini hii ya huku njo miwili yenye nguvu.”

Ningependa kusema kwamba mjinga wa mwaka ule alikuwa Mulongo. Hapana. Mjinga nilikuwa mimi, maana ujinga wangu ulikuwa na daftari. Nilifikiri hivi: kisahani kinajizima kwa sababu kina joto, basi nikipoze. Nikanunua barafu kwa wauza samaki, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga juu ya kisahani. Kazi nzuri! Kifaranga kilinyamaza. Saa nne mfululizo kisahani kililisha kwa nguvu zake zote kwenye mistari yake miwili, na mimi nimekunja miguu, najipongeza, saloni nzima inanuka mikebuka. Papa Kahozi hakusema neno. Watu wa reli wa zamani ni hivyo, behewa likimkanyaga mguu anauliza kwanza kama mizigo iko salama. Tulipofungua mkanda, Mama Odila alipiga yowe. Chini ya kisahani ngozi ilikuwa nyekundu, na katikati lengelenge, ambalo siku ile niliapa ni kubwa kama sahani. Kwa kweli lilikuwa kama kifuniko cha chupa. Dokta kwenye simu alivuta pumzi. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayejizuia asitukane. Kipimajoto kiko ndani ya kisahani, ndicho kinachoamua lini kiache. Wewe umekipoza kipimajoto. Nyama hukuipoza. Kiliwekwa kimlinde mgonjwa, wewe ukakidanganya. Na sasa msiweke kitu pale mpaka kidonda kifunge.

Kidonda kilichelewa kufunga. Betri haikungoja. Alhamisi moja asubuhi, nikiwa napiga mswaki uani, nilimsikia kupitia ukuta: “Mama Odila. Siafu wamenyamaza.” Kisha nikasikia miguu miwili ikijiburuta na miwili mingine ikiandamana nayo, kuelekea chooni. Hakukuwa na mtu wa kufanya mzaha wiki zile. Mulongo alikuja akakaa, akaondoka bila kusema kitu, jambo ambalo sikuwa nimeliona na sijaliona tena. Papa alilala na ncha ya kikwembe cha mkewe katikati ya meno. Mimi nilihesabu: mara ya kwanza, sanduku la harusi, mara ya pili, barafu yangu. Tukiamsha hii na mistari ikibaki miwili, mara ya tatu iko njiani, na baada ya hapo mtu huyu atafunguliwa mkanda na mke wake mpaka kufa kwake.

Nilikuwa naenda darasani kwa mazoea tu. Jioni moja Mwalimu Sefu, mtu mkavu aliyefundisha na koti hata kwenye joto, aliweka mezani nyaya mbili zilizozungushwa, bobini mbili, moja imeungwa na umeme, nyingine na taa ndogo. Akazilaza moja juu ya nyingine. Taa ikawaka, hakuna waya kati yao. Wanaume thelathini na moja wakasema aaah. Kisha akaingiza kaye moja, daftari la shule, katikati. Taa ikapungua. Kaye ya pili. Ya tatu. Ya nne, na taa ikabaki uzi mwekundu. “Mumeona? Karatasi haizuie kitu. Ni umbali tu. Umbali kidogo, hasara kubwa.” Nilisimama bila kuomba ruhusa. Nikasema kwa sauti: “Ni mafuta!” Mwalimu akatazama kaye zake. “Mafuta gani, Mama?” “Mafuta ya Papa Kahozi! Bukari! Ni kaye nne za bukari!” Walicheka mpaka mwangalizi wa shule akaja. Mimi nilikuwa tayari barabarani.

Mama Odila alikuwa jikoni, anasonga, sufuria ameibana kwa miguu. Nilimweleza yote, bobini na kaye na taa. Alisonga bila kunitazama. “Ngoja nisikie vizuri,” alisema mwishowe. “Kisanduku kilikuwa karibu na ngozi.” “Ndiyo, Mama.” “Sasa kiko mbali.” “Amenenepa, Mama. Nyama imeingia katikati, kisahani hakikifikie tena, kinajichosha, njo kinapata joto.” Akatoa mwiko, akaupiga ukingoni mwa sufuria. “Kwa hiyo wewe na masomo yako munasema chakula changu njo kinamurudisha bwana yangu kwa mukeka.” Sikusema hivyo. Nilisema apunguze kidogo, matonge mawili, samaki mmoja. “Wale wa bombani wamekutuma?” Nikasema hapana, nimetumwa na Mwalimu Sefu. “Huyo ana bibi?” Sijui, Mama. “Ni mwembamba?” Mwembamba sana. “Basi,” akasema, kana kwamba kesi imeisha, akageuza bukari kwenye sahani. Hakunisalimu siku tatu. Nikamwendea Papa mwenyewe, nikamweleza, nikamsihi, yeye mwenye mguu wake. Alitoa kikwembe mdomoni. “Enjeniere,” alisema, ndivyo alivyoniita, “mimi nilimuaibisha huyu mama miaka sita, ananibeba kama furushi. Akiniambia kula, nitakula. Tafuta njia ingine.” Nilitoka nje nikaupiga mwembe wa uani teke, nikakata kandambili.

Kidonda kilipofunga, dokta akapiga, tukaanza kuamsha. Mstari mmoja. Nikafunga mkanda mpaka Papa akatoa macho: miwili. Nikasogeza juu, chini. Miwili. Jasho linanitoka, dokta anauliza kwenye simu, Mulongo anasoma rozari mlangoni, kifaranga kinaanza kulia. Ndipo Mama Odila alipotoka jikoni, mikono bado nyeupe kwa unga, akanisukuma na nyonga yake nikaondoka kwenye kiti. “Hebu toka.” Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kisahani, akaegemea na uzito wake wote, kama anavyokanda donge la mandazi, akilizamisha polepole, akiipeleka nyama pembeni. Nikatazama telekomande. Mitatu. Mitano. “Ongeza, Mama!” Sita. “Nifikie wapi?” “Hapo hapo! Usitoke!” Akanigeukia, uso umelowa, na hasira ya mwaka mzima. “Kumbe ni kukandamiza tu? Mwaka muzima munasema bobini, bobini!” Kisahani kilipoanza kupata moto alikinyanyua kabla hakijalia. Alikuwa ameona joto kwa kiganja. Alingoja, akarudisha, akaegemea tena. Hakuna barafu ambayo ingemdanganya. Adhuhuri ilipogeuka alasiri, sauti kutoka kwenye mto ikasema, “Wanatembea.” Na mkono wa unga ulibaki pale, alama tano nyeupe juu ya suruali.

Na chakula? Hakupunguza tonge moja! Niliondoka lupango lile na diploma yangu mwisho wa mwaka, akanipa mikebuka sita ya njiani. Kisanduku kile hakikulala mara ya tatu. Kilimaliza umri wake kwa heshima, Bibiane akahangaika tena, wakamwekea cha pili, na Juma Mosi zote hizo, kwa hesabu yangu zaidi ya mia tisa, mpaka alipougua, Mama Odila alipiga magoti akaegemea.

Nilifika kwenye kilio Ijumaa. Wanawake walikuwa wamejaa uani, sufuria kwenye moto. Kesho yake mchana Mulongo, mzee sasa, akanishika kiwiko. “Anakuita ndani.” Papa Kahozi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kitambaa kile kile cha meza juu yake, kisahani mkononi. “Enjeniere. Leo Juma Mosi.” Nilifunua. Mama Odila alikuwa ameugua miezi minne kitandani, na hakuna aliyempikia huyu mwanamume kitu cha maana, au walipika na hakuna aliyemtazama mpaka ale. Ngozi ilikuwa imelegea kama shati la kuazima. Kingo za kisanduku zilionekana kwa macho. Niliweka kisahani bila hata kukaza mkanda. Telekomande ikaonyesha mistari minane.

“Iko ngapi?” aliuliza kwenye mto.

Niliitazama mistari ile, imejaa, haina haja ya mtu. “Mitatu, Papa,” nikasema. “Ngoja.” Nikapiga magoti, nikaweka kiganja, nikaegemea, si sana, kiasi cha kusikia joto. Mgongo wake ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Tulikaa hivyo saa nzima, na kila alipouliza nilimpandishia mmoja.

Kisha nikageuza kichwa dirishani, nikawapigia kelele wale wa uani kwa sauti ambayo nadhani ilivuka ziwa. “Ninyi! Munaketi hapo munalia, na muntu anakufa njaa humu? Leteni bukari! Na mikebuka miwili, si mumoja!”

“Enjeniere,” akasema, “si njo wewe ulisema mafuta yanafanya umbali?”

“Nyamaza, Papa. Kula.”